Malindi: Bahari Mbele, Bara Nyuma

Mgeni akifika Malindi hupelekwa kwanza kuona nguzo. Imesimama kwenye rasi ya mawe kusini mwa mji: juu msalaba wa jiwe la Ureno, chini yake koni nyeupe ya matumbawe iliyojengwa baadaye ili kuishikilia. Hapo ndipo watembezaji huanzia historia. Vasco da Gama alikuja, akapokewa vizuri, akaenda zake Uhindi. Mgeni hutazamishwa baharini, hupigwa picha, na somo huishia hapo.

Sura hii inatazama upande wa pili. Malindi imekufa ikafufuka, na mara zote habari yake haikuamuliwa na bahari peke yake. Majahazi ya Uarabuni, merikebu za Wareno na ndege za watalii kutoka Italia zimekuja kwa sababu mji ulikuwa na kitu cha kuwapa. Kitu hicho kililimwa, kikawindwa, kikachotwa au kikashonwa na watu wa nyuma ya mji, kuanzia mashamba ya viungani hadi ng'ambo ya mto Sabaki. Mji ulipokaa vizuri na watu hao ulineemeka. Ulipowapoteza au kuwanyang'anya, ulikauka. Anayetaka kujua kama utalii wa Malindi utadumu, aanzie hapo.

Twiga hazaliwi ufuoni

Mnamo 1415 wajumbe wa Malindi walimkabidhi mfalme Yongle wa China zawadi ya twiga. Wachina walimwona mnyama yule wakamfananisha na qilin, kiumbe wa heri katika visa vyao, na baraza la mfalme likaichukua zawadi hiyo kuwa dalili ya utawala mwema. Katika safari ya miaka ya 1417 hadi 1419, msafara wa amiri Zheng He ulifika mpaka pwani yetu. Alama za uhusiano huo zingali ardhini. Mambrui, kaskazini ya mdomo wa Sabaki, lipo kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya kaure ya China, na mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walifukua karibu na hapo sarafu ya zama za Yongle.

Hadithi hii husimuliwa kama habari ya meli. Lakini twiga hazaliwi ufuoni. Kuna mtu wa nyika aliyejua malisho yake, akamtega bila kumvunja mguu, na kuna waliomswaga hadi pwani na kumkatia majani njia nzima. Majina yao hayakuandikwa popote, lakini pasingekuwa na zawadi bila wao. Pembe za ndovu na nta zilizosafirishwa kutoka pwani hii zilipita katika mikono ya watu wa aina hiyo hiyo.

Wareno walipofika katikati ya Aprili 1498, wakitoka kugombana na Mombasa, waliuona mji wa nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, zenye madirisha mengi. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile aliufananisha na Alcochete, mji wa kwao Ureno, akataja minazi upande wa bara na mashamba ya nafaka na mboga yaliyouzunguka. Mtawala wa Malindi alikuwa na hesabu zake. Mombasa ilikuwa mshindani mwenye nguvu, na mgeni mwenye mizinga angeweza kuwa rafiki wa kufaa. Akampa Vasco chakula na rubani aliyeijua njia. Wareno waling'oa nanga Aprili 24, na haukutimia mwezi wakawa pwani ya Calicut.

Jambo moja lifikiriwe hapa. Malindi haina bandari ya kujivunia. Ghuba yake ni ya maji machache, ina miamba, na iko wazi kwa upepo wa kaskazi. Mombasa ina mlango wa maji mengi na kinga ya kisiwa. Kama bandari peke yake ndiyo ingeamua, Malindi isingeshindana na Mombasa hata siku moja. Kilichoiweka mezani ni shamba: kulikuwa na chakula cha kupakia, watu wa kukilima, na njia ya kwenda bara kutafuta bidhaa.

Mfalme ahama, mji wafa

Karne ya 16 ilithibitisha jambo hilo kwa vita. Mwaka 1589 kundi la wapiganaji walioitwa Wazimba, ambao tayari walikuwa wameiharibu Kilwa na kuingia Mombasa, walielekea Malindi. Wareno waliokuwamo mjini walikuwa wachache. Waliouokoa mji ni Wasegeju, majirani wa bara waliokuwa na urafiki nao. Miaka michache baadaye ni Wasegeju hao hao walioipiga Mombasa na kumkabidhi mtawala wa Malindi.

Ushindi huo ndio uliokuja kuua mji. Mtawala wa Malindi alihamia Mombasa, Wareno wakamfuata, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Urafiki wa miaka mia na Wareno haukuwafaa watawala wa Malindi kitu. Sultani Hassan bin Ahmad aligombana na maofisa wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa njama zao. Mwanawe Yusuf alichukuliwa mtoto, akalelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo. Alirudishwa kuwa mfalme, na Agosti 1631 akaigeukia ngome na kuwaua Wareno waliokuwamo.

Malindi kwenyewe palibaki ukiwa. Nguvu za Wasegeju upande wa bara zilivunjwa na Waoromo waliosogea kutoka kaskazini, na mashamba yakakosa ulinzi. Bahari ilikuwa pale pale, na kusi na kaskazi zilivuma kama kawaida, lakini hapakuwa na cha kupakia. Karne ya 19 ilipoingia, msitu ulikuwa umefunika kuta. Kando ya Msikiti wa Juma, ufuoni, makaburi mawili ya nguzo yalibaki kuwa ushahidi kwamba hapa paliwahi kuwa na mji wa watu wenye uwezo. Gedi, kusini, ilikuwa imeachwa msituni pia. Ilisubiri hadi 1948, James Kirkman alipoanza kuifukua, na mwaka 2024 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ngwe za mtama

Mji tunaoukanyaga leo ulianza upya karibu na 1861, Sayyid Majid wa Unguja alipopeleka askari na walowezi. Waliofuata walikuwa Waomani, Washihiri kutoka Hadhramaut, Wabajuni na Waswahili wa miji mingine. Ardhi iliyolala zaidi ya karne moja ilikuwa na rutuba, na soko lilikuwa tayari: Uarabuni kulihitaji nafaka. Kwa muda mfupi Malindi ikawa ghala la pwani. Majahazi yalipakia mtama, ufuta na kunde, yakaenda na kusi.

Nafaka hiyo ililimwa na watumwa. Wengi waliletwa kutoka nchi za ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Kila asubuhi msimamizi, au nokoa aliyekuwa chini yake, aligawa ngwe: kipande cha shamba ambacho mtu mmoja alitakiwa akimalize kwa jembe kabla ya kuachiwa. Mvua ya masika ilipoanza safu nzima iliinama tangu alfajiri, na ndege walipoanza kuushambulia mtama wanawake na watoto walikaa juu ya vilingo kutwa wakipiga kelele. Nyumba za ghorofa za wafanyabiashara, milango ya nakshi, misikiti mipya na vitambaa kutoka Uhindi vilitoka katika migongo hiyo. Mtu anayesifu uzuri wa mji mkongwe wa Malindi bila kuwataja watu hao anasifu nusu ya kazi.

Wengine hawakukubali. Walikimbia usiku wakafuata mto au kuingia msituni, wakaanzisha vijiji vya watoro. Fuladoyo, nyuma ya Kilifi, ilikuwa maarufu kuliko vyote, na Jilore, juu ya Sabaki, ilijaa watu wa asili mbalimbali wakilima mashamba yao wenyewe. Mabwana walivishambulia, na watoro walijenga tena.

Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ikafuta hadhi ya utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya. Wenye watumwa walilipwa fidia. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata pishi moja ya mbegu, sembuse ardhi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908. Mwenye madai ya mtu binafsi, aliyejua kuandika ombi na kuleta mashahidi, alipata hati. Ardhi isiyodaiwa kwa njia hiyo ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, na waliokuwa watumwa, ambao waliishi juu ya ardhi ya mabwana wao, wote waliachwa nje ya daftari. Ugomvi wa mashamba unaosikika Malindi hadi leo una mzizi katika vitabu vya miaka ile.

Mama aliyesema hapana

Mashamba ya watumwa yalipokufa, nafaka ya Malindi haikwisha. Wagiriama, watu wa jamii ya Wamijikenda, walikuwa wamevuka Sabaki na kufungua mashamba makubwa kaskazini ya mto, na mtama na mahindi yao yaliingia mjini kwa wanunuzi wa Kihindi na Kiarabu. Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilitaka kodi ya nyumba, na ilitaka vijana waende kufanya kibarua katika mashamba ya Wazungu. Mkulima anayejilisha na kuuza ziada haendi kibarua.

Aliyesimama mbele ya mpango huo ni mama mjane, Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akihutubia, akawakusanya watu Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, na pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola akawaapisha kwamba hakuna atakayetoa kijana wala kodi. Wagiriama husimulia kwamba katika mkutano na ofisa wa serikali, Arthur Champion, Mekatilili alileta kuku na vifaranga vyake, akamwambia Mzungu ajaribu kumchukua mtoto mmoja aone mama atafanya nini. Alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kisii yeye na Wanje, na mapema 1914 wakatoroka na kurudi kwao, upande wa pili wa nchi. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, askari wakachoma nyumba na kuswaga mbuzi. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaambiwa watoe vijana 1,000 wa kazi, na wakaamriwa wahame kaskazini ya Sabaki.

Hapo mji ulijikata mkono wake. Wakulima walipofukuzwa ng'ambo ya mto, njaa iliingia vijijini na biashara ya nafaka ikaporomoka mjini. Baada ya vita vikuu vya kwanza serikali yenyewe ilirudi nyuma ikawaacha watu warejee mashambani. Leo Mekatilili ana sanamu katikati ya Malindi, katika bustani iliyopewa jina lake. Mtalii anayeletwa kuiona nguzo ya Vasco anastahili kupelekwa na hapo pia, kwa kuwa huyu mama aliijua siri ya mji huu kuliko wote waliotia nanga.

Hoteli, roketi na makuti

Biashara mpya ilianza miaka ya 1930, walowezi wa Kiingereza walipofungua hoteli za kwanza ufuoni. Mwaka 1934 Ernest Hemingway alikuja kuvua samaki wakubwa wa kina kirefu. Oktoba 1940, wakati wa vita, ndege za Italia ziliutupia mji mabomu. Robo karne baadaye Waitalia walirudi kwa nia nyingine. Karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji, profesa Luigi Broglio na wenzake waliweka majukwaa ya chuma baharini, kwa sababu roketi inayorushwa karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia. Aprili 26, 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilipaa kutoka hapo. Desemba 12, 1970 Wamarekani walitumia jukwaa hilo kurusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliiita Uhuru. Urushaji wa mwisho ulikuwa Machi 1988.

Mainjinia na mafundi waliitangaza Malindi kwao. Kuanzia miaka ya 1970 Waitalia walikuja kwa wingi, wakajenga majumba, wakafungua mikahawa na maduka ya aiskrimu, na wengine wakahamia moja kwa moja. Kijana wa ufuoni, fundi cherehani, mama muuza ndizi na dereva wa tuktuk wote waliijua lugha yao kwa kusikia tu. Msimu mkubwa ukawa ule ule wa majahazi: kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, mji hujaa; masika yakifika hoteli nyingi hufunga na wafanyakazi hurudishwa nyumbani bila mshahara.

Ukitaka kuona bara ndani ya hoteli, inua macho. Paa ni la makuti. Jani la mnazi huchanwa, kila kijani hukunjwa juu ya ufito, hushonwa kwa kamba ya ukindu au miaa, na kinachofuata hukandamizwa juu ya mwenzake bila kuacha mwanya. Kazi hiyo hufanywa sana na wanawake wa vijiji vya nyuma ya mji, wamekaa chini ya mwembe, mguu mmoja umenyooshwa kushikilia ufito. Mafundi wa kuezeka hupanda na kuyapanga safu juu ya safu, kwa mteremko mkali ili maji yasikae. Paa moja la hoteli hula maelfu ya vipande, na baada ya miaka michache lazima liezekwe upya. Mgeni hulipia kivuli hicho kwa fedha za kigeni. Mshonaji hulipwa kwa kipande, bei anayoipanga mnunuzi, na mara nyingi nyumba anayolala imejengwa juu ya ardhi isiyo yake.

Hili la ardhi ndilo kidonda. Maelfu ya familia za Malindi ni maskwota juu ya mashamba ambayo babu zao waliyalima. Mjini, wengi wana nyumba bila kiwanja: ukuta ni wako, udongo ni wa mwingine, na unalipa kodi yake. Baada ya uhuru serikali ilifungua miradi ya kugawa ardhi. Mkubwa wake, wa Magarini, uliogharimiwa na Australia kuanzia miaka ya 1970, uliwapangia Wagiriama viwanja katika nchi kame na ukashindwa kutimiza ulichoahidi. Ufuoni viwanja vilipanda bei na kwenda kwa wenye uwezo. Kaskazini, Gongoni na Marereni, ambako chumvi huvunwa kwa kukausha maji ya bahari, wakazi walilalamika juu ya ardhi na maji yao mbele ya uchunguzi wa hadhara wa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu mwaka 2005.

Mto unaleta barua

Kama mtu hashawishiki na historia, na aende ufuoni Januari atazame maji. Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hukusanya maji ya Ukambani, hupita Tsavo kwa jina la Galana, na kumwagika baharini kilomita chache kaskazini ya Malindi. Kila mlima uliokatwa miti na kila shamba lisilo na matuta huko juu huuongezea udongo. Kusi inapovuma, tope husukumwa kaskazini. Kaskazi ikivuma, hurudishwa kusini hadi ghuba ya Malindi, katika miezi ile ile ambayo wageni wamelipa kuja kuogelea. Kwa miaka mingi mchanga huo umejaza ufuo hata hoteli zilizojengwa karibu na maji sasa zina uwanda mpana mbele yao. Upande wa Casuarina, matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 ikiwa kati ya za mwanzo kabisa Afrika, huhitaji maji maangavu ili yaishi. Anayefikiri kwamba utalii wa pwani hauhusiani na mkulima wa Machakos, mto humjibu kila mwaka.

Katika miaka ya karibuni mji umeonja tena ladha ya ukame wa biashara. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya kigaidi yaliyofuatwa na maonyo ya safari, kisha korona mwaka 2020: mara zote hoteli zilifungwa na vijana wakarudi kukaa vibarazani. Waliostahimili ni wenye shamba, ngalawa au minazi. Waliokuwa na mshahara wa hoteli tu walilala njaa. Hilo ni funzo la 1593 na la 1914, limerudi kwa sura nyingine: mji unaomtegemea mgeni na kumsahau jirani hauna akiba.

Kwa hiyo mimi sioni faida ya kuhesabu watalii peke yao. Kilifi kama kaunti, na Malindi kama mji, zipime utalii kwa vipimo vingine. Mboga na samaki wa hoteli wametoka kwa nani? Mshonaji wa makuti amepata bei gani? Mfanyakazi wa msimu analindwaje masika yanapofunga milango? Familia ngapi zimepata hati ya mahali zilipozikia wazee wao? Miti mingapi imepandwa kandokando ya Sabaki na vijito vyake? Watembezaji nao wafundishwe kumtaja mtumwa wa ngwe, mtoro wa Jilore na Mekatilili kwa fahari ile ile wanayomtajia Vasco. Wageni wataendelea kuja maadamu bahari ni nzuri. Kubaki kwa Malindi ni shauri la wale walioilisha tangu mwanzo, na haki yao ya kwanza ni ardhi wanayoilima.